Upindo wa Vidole Vinne

Alhamisi, saa kumi alasiri, Mama Ngongoti alikuwa akichokonoa nyuzi zilizonasa chini ya mguu wa cherehani yake ya nyumbani mwanawe alipoingia. Ngongoti alifuta viatu kwenye gunia la mlangoni, akavua kofia, akaamkia. Alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Viatu umevifuta, au umevionyesha gunia tu?"

Akarudi akavifuta tena. Kisha akapanda juu ya kigoda kilichokuwa kando ya dirisha, kilekile alichosimamishwa alipopimiwa kaptura yake ya kwanza ya shule, akaning'iniza mikono na kutazama ukuta. Alikuwa akija kila Alhamisi tangu juma la tatu baada ya mazishi, akiwa amevaa sare ya gwaride, naye alikaa saa moja. Chai alipewa, ila hakuinywa. Aliishika mpaka ikapoa, na mama yake akaenda kuimwagia miche ya pilipili nyuma ya nyumba. Siku hiyo chai ilikuwa bado ya moto alipotazama miguu yake mwenyewe.

"Suruali imepanda, Mama."

"Suruali haipandi. Wewe ndiye uliyerefuka. Simama wima."

Mama Ngongoti alikuwa ameliona jambo hilo kwa majuma kadhaa na kulisingizia mkanda. Sasa soksi zilionekana, na mkanda haukuwa na la kujitetea. Akajaza pini mdomoni, akapiga goti, akavuta utepe wa kupimia kutoka kiunoni hadi kisiginoni.

"Kidole kimoja," alisema kwa upande wa mdomo usiokuwa na pini.

Akafumua upindo, akaushusha kwa kidole kimoja, akashona kwa mkono huku mwanawe akiwa amesimama, akapiga pasi palepale juu ya kiatu. Ndani ya upindo kilibaki kitambaa cha vidole vitatu. Ilipotimia saa kumi na moja Ngongoti aliaga, akaondoka. Sare ilikuwa imekwisha kurudi kwenye kiango nyuma ya mlango wa chumbani, mahali ilipotundikwa tangu ilipoletwa katika kifurushi pamoja na mkanda, chanuo na barua. Joto la pasi lilikuwa bado kwenye upindo.

Kesho yake asubuhi, kiwandani, alimweleza Bi Mkasi. Kiwanda hicho kilishona sare za jeshi, hakikushona kitu kingine. Wanawake arobaini walikaa kwa safu nne, kila mmoja na kipande chake. Mama Ngongoti alikuwa mtu wa suruali kwa miaka kumi na tisa. Bi Mkasi, aliyekaa kwenye cherehani ya jirani, alikuwa mtu wa kola, naye alipewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, si kwa sababu ya kazi.

"Ngongoti amerefuka," alisema Mama Ngongoti.

"Kiasi gani?"

"Kidole."

"Ni wa baba yake huyo. Baba yake alirefuka mpaka siku ya harusi. Nakumbuka mikono ya lile koti, shoga yangu. Ungedhani kaazima kwa mdogo wake." Bi Mkasi akakata uzi kwa meno. "Na upindo umebaki kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

Bi Mkasi akaondoa mguu kwenye kikanyagio. Upindo wa suruali ya jeshi ni kidole kimoja na nusu. Kanuni hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya pipa la vitambaa, na hapakuwa na mwanamke kiwandani asiyeijua. Vidole vinne ni upindo wa sare ya shule. Fundi humwachia mtoto kitambaa cha kukulia, ili mzazi asishone suruali mpya kila mwaka.

"Kumbe ulimwachia akiba," alisema.

"Nilimwachia."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

Wakaendelea kushona mpaka kengele ya chakula.

Ofisi ya kuandikisha askari ilikuwa na mstari wa rangi nyeupe uliochorwa ukutani. Vyeti havikuulizwa, kwa kuwa vyeti vilikuwa vingi na ukuta ulikuwa mmoja. Aliyeufikia mstari kwa utosi wake aliandikwa umri wa miaka ishirini. Asiyeufikia aliambiwa akale, arudi baada ya mavuno. Mwaka uliotangulia, siku ambayo Mama Ngongoti alitumwa kupeleka mzigo wa suruali katika ofisi hiyo, vijana sitini na watatu walikuwa wamejipanga barazani, na wa arobaini alikuwa mwanawe, ambaye asubuhi aliaga kwamba anakwenda kutafuta waya wa redio. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita na miezi mitatu. Alimwona mama yake na hakujificha. Alikuwa amenawa uso kama siku ya mtihani.

Zamu yake ilipofika alisimama ukutani, na utosi wake ukaugusa mstari.

"Huyu ana mzazi hapa?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Yupo," alisema Mama Ngongoti.

"Kuna pingamizi?"

Watu sitini walimgeukia. Mama Ngongoti alikuwa amebeba suruali ishirini zilizofungwa kwa kamba ya katani, na kamba ilikuwa ikimkata vidole.

"Mzigo huu niuweke wapi?" aliuliza.

Karani akaonyesha pembeni kwa kalamu, kisha akaandika ishirini.

Juma hilohilo Mama Ngongoti aliomba suruali ya mwanawe apewe yeye aishone. Alipofika miguuni alikunja vidole vinne. Mkaguzi alipima kiuno, akapima urefu, akagonga muhuri, hakutazama ndani. Miezi minane baadaye sanduku lililetwa likiwa limepigiliwa misumari.

Afisa wa Kumbukumbu alifika nyumbani Jumatatu iliyofuata ile Alhamisi ya upindo, akiwa na mkoba wa ngozi na kikohozi cha adabu. Alikalishwa kwenye kiti cha mgeni, akapewa chai, akaieleza safari yake. Ukumbi wa Mashujaa ulikuwa umekamilika. Kila askari aliyefia vitani atawekewa kabati la kioo, ndani yake sare yake ya gwaride, na chini yake kibao cha shaba chenye cheo, umri na siku ya kufa. Alihitaji sare, na alihitaji mzazi atie saini kwamba maelezo ni sahihi.

Mama Ngongoti alivaa miwani, akasoma fomu kwa kidole, mstari baada ya mstari.

"Hapa pameandikwa miaka ishirini."

"Ndivyo daftari lisemavyo, Mama."

"Daftari halikumzaa. Mwanangu alikufa akiwa na miaka kumi na sita na miezi kumi na moja."

"Nakusikia, Mama. Lakini nikibadilisha huyu, itanibidi nieleze karani alimwandikaje. Karani yule sasa ni mkurugenzi. Na ukuta ule ulipima watu wengi."

"Kadi ya kliniki ninayo."

"Kadi ya kliniki inaonyesha chanjo," alisema afisa kwa upole. "Haionyeshi askari."

Mama Ngongoti akakunja miwani. Akamwambia kwamba, kama daftari linaaminika kuliko mzazi, labda litamwamini mwanawe mwenyewe. Arudi Alhamisi, saa kumi alasiri, aje na kipimo chake mwenyewe.

Afisa alirudi Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano, akiwa na rula ndefu ya mbao. Ngongoti alipoingia na kumwona mgeni alipiga saluti, kisha akakumbuka viatu, akarudi kuvifuta. Afisa akamsimamisha ukutani, akaweka kitabu juu ya utosi wake, akapiga mstari kwa penseli, akapima mara mbili. Alilinganisha tarakimu na zile za kwenye jalada.

"Ameongezeka sentimita tatu tangu alipoandikishwa," alisema.

"Mtu wa miaka ishirini hurefuka?" aliuliza Mama Ngongoti.

"Kwa kawaida, hapana."

"Na aliyekufa?"

Afisa akafikiri. "Kwa mujibu wa kanuni, kimo cha marehemu hakibadiliki. Hivyo basi kipimo cha awali kilikosewa." Akakata tarakimu ya zamani kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika mpya juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni. "Ahsante, Mama. Hilo tumelisahihisha."

"Hakikukosewa," alisema Ngongoti kutoka ukutani. "Nilitia kipande cha boksi viatuni. Bila boksi nisingefika."

Mama yake akamgeukia. "Boksi gani?"

"Lile la kola."

"Kigezo changu cha kukatia kola? Nilikitafuta siku mbili. Nilimsingizia Bi Mkasi."

"Nilitaka kukirudisha, Mama. Kilipindika."

Afisa wa Kumbukumbu alisema kwamba boksi halina mahali pake kwenye fomu. Akamsogezea Mama Ngongoti kalamu. Mama Ngongoti akaitazama kalamu, akaweka mikono yote miwili mapajani, akasema kwamba safari ile alinyamaza na safari hii hatii saini. Afisa hakumlazimisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Aligeuza fomu upande wa pili, ambako palikuwa na kijisanduku kwa ajili ya hali kama hiyo, akakitia alama. Mama Ngongoti, aliyekuwa amekaa mbele yake umbali wa sahani mbili za chai, alisoma maneno yaliyokuwa kando ya alama: *Mzazi hakupatikana.*

"Na sare?" aliuliza afisa.

"Sare sitoi."

"Mama," alisema Ngongoti. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, magoti yakimfikia karibu na kidevu. "Wenzangu wote watakuwa pale?"

"Wote," alijibu afisa.

"Wamepangwaje? Kwa kimo?"

"Kwa kimo."

Ngongoti akamtazama mama yake kwa macho aliyokuwa nayo kila alipoomba ruhusa ya kwenda kucheza huku miguu yake imekwisha kuelekea mlangoni. Mama Ngongoti akainuka, akasema basi ichukuliwe. Sare haikuweza kuchukuliwa papo hapo, kwa kuwa ilikuwa imevaliwa. Afisa alisubiri mpaka saa kumi na moja, akaitoa kwenye kiango, akaikunja vizuri, akashukuru kwa chai.

Ukumbi ulizinduliwa siku ya Alhamisi, jambo ambalo Mama Ngongoti angewashauri wasilifanye kama angeulizwa. Alikaa safu ya tatu, pembeni mwa Bi Mkasi, kwenye kiti kilichoandikwa "Umma", kwa kuwa viti vya wazazi vilikuwa vya wazazi waliopatikana. Makabati yalipangwa ukutani kwa kimo, na la Ngongoti lilikuwa la nne kutoka mwisho. Saa kumi ilipogonga, mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba, kabati la Ngongoti likawa tupu. Makabati mengine kumi na moja yakawa matupu vilevile. Askari wa heshima waliyafunika kwa bendera, wakarudi mahali pao.

Ngongoti alikuja akasimama kando ya kiti cha mama yake, maana hapakuwa na kiti kingine.

"Na hapo alipoanguka," mgeni rasmi alisema, "shujaa huyu wa miaka ishirini aliinua macho kwenye bendera, akatamka: Ninakwenda nikiwa radhi."

"Wanamsema nani?" alinong'ona Ngongoti.

"Wewe."

"Mimi sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

Ngongoti akafikiri. "Nilisema, nani kachukua kijiko changu. Tulikuwa tunakula."

Bi Mkasi akafunika mdomo kwa kitambaa. Hawakuweza kujua analia au anacheka, na yeye hakueleza. Mama Ngongoti alitazama mbele. Akamwambia mwanawe kwamba kijiko chake kingine kilibaki nyumbani, cha mpini uliopinda, kile alichofungulia redio za watu ili azitengeneze na akashindwa kuzifunga. Ngongoti akasema anakikumbuka. Akauliza kama redio ya jirani imewahi kulia tena. Mama yake akasema inalia, ila ni kituo kimoja tu, na jirani amekizoea, hataki ifunguliwe na mtu mwingine. Walizungumza hivyo kwa sauti ya chini mpaka hotuba ikaisha, kisha watu wakapiga makofi, na wao wakapiga.

Baada ya siku hiyo mtunza ukumbi alitundika kadi kwenye makabati kumi na mawili kila Alhamisi alasiri. Kadi ilisema, "Iko kwa fundi." Ilikuwa kweli. Mama za wale kumi na mmoja hawakuwa mafundi. Mmoja aliuza mboga, mwingine alifua hospitalini, na habari ya kigoda iliwafikia. Wakaja na wana wao. Alhamisi nyumbani kwa Mama Ngongoti ikawa na foleni iliyotoka mpaka uani, vijana wenye sare na kofia mkononi, wakitaniana kuhusu nani ameota ndevu na nani bado, huku gunia la mlangoni likichakaa kwa viatu.

"Wewe umebaki palepale," Ngongoti alimwambia mmoja wao.

"Mimi nalipa polepole. Wewe ulikopa urefu wote siku moja."

"Nyamazeni," alisema Mama Ngongoti, "nisije nikamdunga mtu pini."

Sare za wale kumi na mmoja zilikuwa na upindo wa kidole kimoja na nusu, na akiba hiyo iliisha kabla ya mwaka. Hapo ikambidi aunge vipande. Kila mama alileta suruali ya shule iliyobaki kabatini, naye akakata humo ukanda na kuuongeza miguuni. Hata vidole vinne vya Ngongoti viliisha mwaka wa pili, akaungiwa kama wenzake. Waliotembelea ukumbi waliona suruali za kijani zenye ukanda wa kahawia chini, wakasoma kibao cha shaba kilichosema miaka ishirini, wakaenda kwenye kabati linalofuata. Mwalimu mmoja aliyeleta darasa lake aliuliza ukanda ule una maana gani. Mtunza ukumbi akasema ni mtindo wa kikosi.

Kila mara alipoushusha upindo Mama Ngongoti alishonea ndani, kwa uzi mwekundu, umri wa mwanawe wa siku hiyo. Kumi na saba na miezi saba. Kumi na minane na nusu. Hakuna aliyeusoma, kwa kuwa ulikuwa ndani.

Miaka mitatu na mwezi mmoja baada ya mazishi, asubuhi ya Alhamisi, Afisa wa Kumbukumbu alikuja tena. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Hakuketi.

"Nimekuletea habari njema, Mama. Nimehesabu kwa tarehe zile za kadi ya kliniki. Leo mwanao anatimiza miaka ishirini."

"Najua siku niliyomzaa."

"Basi kumbukumbu zimelingana. Daftari linasema ishirini, kibao kinasema ishirini, na kadi yako inasema ishirini. Malalamiko yako yamekwisha. Nimelifunga jalada." Akampa karatasi yenye muhuri kuthibitisha. Alionekana mtu aliyefurahi kwa dhati.

Mama Ngongoti akaisoma karatasi kwa kidole, mstari baada ya mstari. Akamuuliza kama kile kijisanduku cha mzazi kimebadilishwa. Afisa akasema jalada likishafungwa halifunguliwi.

Saa kumi alasiri Ngongoti alikuja. Alifuta viatu, akapanda kigoda, na kwa kuwa kichwa chake sasa kilikaribia dari, aliinamisha shingo. Mama yake akapima kutoka kiunoni hadi kisiginoni, akapima tena.

"Hujaongezeka," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Umekoma, kama baba yako."

Ngongoti akatazama miguu yake. Suruali ilikuwa imelala juu ya viatu sawasawa. "Basi nisije tena?"

"Nani kasema? Shuka ushike chai yako."

Akashuka, akaishika.

Jumatatu iliyofuata kiwanda kilipokea agizo la suruali elfu mbili. Mama Ngongoti ndiye aliyepeleka mzigo wa kwanza katika ofisi ya kuandikisha. Mstari wa ukutani ulikuwa umepakwa rangi upya, na ulionekana vizuri zaidi kuliko zamani. Barazani vijana walikuwa wamejipanga. Mmoja wao alitembea kwa namna aliyoijua, kama mtu aliyekanyaga kitu ndani ya kiatu. Mama Ngongoti alimwendea karani mpya, akasema yule pale ni mtoto, na yule, na yule wa nyuma yake. Karani akamuuliza kama yeye ni mzazi wao. Akasema siyo. Karani akamwonyesha pembeni, mahali pa kuweka mzigo.

Aliporudi kiwandani alikaa kwenye cherehani yake. Bi Mkasi, ambaye wakati wa agizo kubwa alihamishiwa kwenye suruali, alikuwa ameanza bila yeye, na rundo la suruali zilizokwisha lilikuwa limemfika kiunoni. Mama Ngongoti akavuta mojawapo, akaugeuza mguu wake, akapima upindo kwa mkono. Vidole vinne. Akavuta ya pili. Akatazama safu ya mbele, kisha ya nyuma. Wanawake wote walikuwa wameinama, na hakuna aliyeinua kichwa.

"Mkaguzi je?" aliuliza.

"Huyo hutazama nje," alisema Bi Mkasi. "Nipe uzi."

Akampa uzi. Kisha akachukua suruali ya juu kwenye rundo lake mwenyewe, akaukunja mguu vidole vinne, akaupiga pasi, akachukua nyingine.